Fundi Yuko Kazini

Kama kuna mwanamume aliyefanya kazi nyingi bila kulipwa, bila kuchoka na bila hata kufika kazini, basi ni mume wa Kasuku. Mabomba ya ile nyumba ya wazee aliyatengeneza kila siku ya wageni, na hajawahi kuvuka geti lake akiwa na spana mkononi.

Ilikuwa hivi. Siku ya wageni ni siku ambayo watu wenye wazazi wa kutunzwa huja kuangalia kama mahali panafaa, na wazee nao huichagua siku hiyohiyo kuwa na sauti. Mmoja atalalamika kwamba ameibiwa meno, na meno yenyewe anayo mdomoni. Mwingine atagonga kitanda kwa fimbo akidai gari limemwacha. Siku moja mgeni mwenye mkoba mkubwa alisimama kwenye korido, akatega sikio, akauliza kelele ile ni ya nini. Kasuku ndiye aliyekuwa akiwatembeza. Hakumeza hata mate. "Ni fundi, mama," akajibu huku akitabasamu. "Fundi yuko kazini." Mgeni akaridhika, kwa maana nyumba inayotengenezwa ni nyumba inayojaliwa. Matroni, msimamizi wa nyumba, alilisikia jibu hilo akiwa nyuma yao, akalipenda, na tangu siku hiyo likawa jibu la nyumba nzima.

Kasuku halikuwa jina lake, ni la utani. Alikuwa muuguzi msaidizi mwenye ulimi mwepesi, na mumewe alikuwa fundi bomba wa kweli, jambo lililowafurahisha wenzake kuliko mshahara. Mzee akianza kugonga tu, Pacha humnong'oneza Kasuku, "Shemeji leo anagonga kwa hasira. Mlikosana?"

Pacha naye hakuwa pacha wa mtu. Yeye na Kasuku waliajiriwa asubuhi moja, wakapewa sare za kitambaa kimoja, na wodi ya chini ikawa yao wawili. Ile wodi ilitaka watu wanne. Wawili walitosha kwa sababu wawili ndio waliokuwepo. Halafu siku ya wageni Kasuku huvuliwa aproni, hupewa sare iliyopigwa pasi, akaenda kuwa mdomo wa nyumba, na Pacha hubaki na wodi peke yake.

Ndipo hulaza kengele. Kila kitanda kilikuwa na kengele yenye kamba, na mzee akivuta, mtu huja. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini wako wazee wanaovuta kwa maji, wanaovuta kwa choo, na wanaovuta ili waone tu nani atakuja. Mtu mmoja hawezi. Basi unaichukua kamba, unaikunja mara mbili, unaipachika kwenye ndoano nyuma ya pazia, mkono wa mzee usikofika. Kengele inalala. Kasuku ndiye aliyemfundisha Pacha, na yeye alifundishwa na mmoja wa waliowatangulia. Hawakuona kama ni ukatili. Waliona ni kama kufunga mlango mvua inapozidi.

*

Mama yake Kasuku aliletwa pale baada ya kiharusi kumchukua upande wa kushoto. Nyumbani hapakuwa na wa kushinda naye. Mkwewe kutwa yuko kwenye mabomba ya watu, bintiye kutwa yuko kwa wazee wa watu. Na mfanyakazi alipunguziwa ada.

"Utakuwa na mimi kila siku," Kasuku alimwambia. "Nani mwingine anakwenda kazini na mama yake?"

Mama alicheka kwa nusu ya mdomo. Nusu nyingine ilibaki kumwangalia. Alikuja na kanga zake, kitabu chake cha sala, na kikombe cha bati alichokataa kukiacha, kwa sababu, alisema, vikombe vya plastiki vinampa kiu.

Pacha alimpokea wodi ya chini kama wake. "Mama yako ni mama yangu," alimwambia Kasuku, "ila mimi sitamnunulia zawadi." Wakacheka.

Lakini Matroni alikuwa na utaratibu. Akiwa zamu, mfanyakazi hana ndugu. Kuna mkazi na kuna sista, basi. Wakazi wengine wakisikia mtu anaitwa mwanangu watadhani anapendelewa, na ndugu zao wataleta maneno. Kasuku akamweleza mama yake akiwa amechuchumaa, anamvalisha soksi.

"Mama, mbele ya watu niite sista."

"Sista wa nani?"

"Wa hapa. Ndiyo utaratibu."

"Nilikubeba mgongoni mpaka mgongo ukajifunza umbo lako, leo nikuite sista."

"Wataona nakupendelea."

"Basi nipendelee. Nani kakukataza kumpendelea mama yako?"

Hakubadilika. Kila Kasuku alipopita, mama aliivuta kengele, na Kasuku alipoitika, mama alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mwanangu, kaniletee maji." Siku moja Matroni alikuwa pale pale, amesimama na daktari. Akageuka polepole. "Sista," alimwambia Kasuku, akilitafuna neno lile, "mkazi wako anataka maji." Daktari alitazama viatu vyake. Kasuku alihisi masikio yanaungua.

Alipoinamia kitanda na kile kikombe cha bati, alisema kwa meno yaliyobana, "Unataka nifukuzwe?"

Mama alikunywa yote. Akamrudishia kikombe, kisha akanong'ona, ili Matroni asisikie, "Haya, mwanangu."

*

Siku yenyewe wageni walikuwa wawili tu, bwana mmoja na mkewe. Walikuwa wanatafuta mahali pa kumweka mama wa yule mke. Bwana alishakubali tangu getini. Mke ndiye aliyekuwa na maswali. Alinusa mashuka. Alifungua bomba kuona kama maji yanatoka. Alimuuliza Kasuku, "Mama yangu akitaka kwenda chooni je?"

"Anavuta kengele, mama. Hapa mtu hufika kabla kengele haijanyamaza."

Na kwa kweli hakusema uongo. Kengele isiyoweza kulia haijawahi kucheleweshewa mtu.

Mlango wa wodi ya chini ulikuwa umefungwa, kama ulivyofungwa kila siku ya wageni. Walikuwa wamekaribia kuupita pale sauti ilipotoka ndani. Ko, ko, ko. Bati juu ya saruji. Ikanyamaza, ikaanza tena.

Yule mke akasimama. "Kuna mtu anagonga."

"Ni fundi, mama. Fundi yuko kazini. Kuna bomba la bafuni lilikuwa linasumbua."

"Fundi wa kweli huyo," bwana alisema. "Hapumziki."

"Hawezi kupumzika, namjua vizuri," Kasuku akajibu. "Ni mume wangu."

Wote watatu wakacheka. Hata yule mke, aliyekuwa hajacheka tangu afike, aliweka mkono kifuani akacheka, na Kasuku akajua kwamba kazi imekwisha, mama wa watu ameshapata kitanda. Utani ukishapokelewa, nani hurudi nyuma kuangalia kama ni kweli? Aliwapeleka bustanini wakaone viti vya kuotea jua. Ko, ko ikabaki nyuma yao, ikapungua, ikakoma. Kasuku alishukuru ilipokoma.

*

Wageni walipoondoka Matroni alimshika bega. "Wewe," alisema, "ungeweza kumuuzia samaki maji." Kasuku alikuwa bado anatabasamu alipomwona Pacha mwisho wa korido, mikono imelowa mpaka viwikoni, sabuni imemkaukia shingoni.

"Njoo," Pacha alisema. "Usiulize, njoo."

Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ukuta, ameulalia upande ule uliokufa. Kanga ilikuwa imelowa, na haikuwa maji. Mkononi alikuwa na kikombe cha bati, ukingo wa kikombe umebonyea. Juu ya mto ilikuwako kamba ya kengele, imelala vizuri, mahali pake kabisa, kama picha ya kwenye tangazo. Ila ilikuwa na mikunjo miwili. Kamba iliyokuwa ikining'inia tangu asubuhi huwa imenyooka.

Kasuku aliitazama ile mikunjo. Kisha akamtazama Pacha. Pacha akatazama sakafu.

"Nilikuwa bafuni na yule babu," Pacha alisema. "Yuko sabuni mwili mzima. Ningemwacha ateleze?"

"Kamba, Pacha."

"Kamba si hiyo hapo."

"Naona iko hapo."

Matroni aliingia, akafunga mlango, akaona yote kwa mara moja, kama mtu anayeona nguo aliyoijua. Alipiga simu ya gari la wagonjwa kwa sauti tulivu. Halafu akawaambia, "Mkazi ameinuka bila kuita. Wakija wale, semeni hivyo."

"Matroni, huyu ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Ndiyo maana nakwambia cha kusema."

Kasuku alipiga magoti, akaweka mkono chini ya kichwa cha mama yake. Alisema samahani, samahani mama, nimekuja. Mama alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka walionana wapi.

*

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari wa hospitali alisema itabidi apasuliwe, akasema na gharama yake, na Kasuku akawa anaitikia kichwa tu kama mjusi. Fundi, mumewe, alifika moja kwa moja kutoka kazini, mfuko wa vifaa begani, akausukuma chini ya kitanda kwa aibu. Mbele ya mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache. Kasuku alipokwenda kwenye dirisha la dawa, wale wawili walibaki peke yao. Aliporudi, Fundi alikuwa amesimama, amekwisha kuubeba mfuko.

Nyumbani alikwenda jikoni akafungua bomba la sinki, akalifunga, akalifungua, akalifunga. Halikuwa na tatizo lolote.

"Mama kaniuliza swali," alisema. "Kaniuliza, mkwe wangu, siku ile ulikuwa unatengeneza nini?"

Kasuku alichukua sahani iliyokuwa safi, akaanza kuiosha.

"Nikamwambia, mama, mimi sijawahi kuingia pale nikafanya kazi. Akasema, sasa mbona nimemsikia mwanangu mlangoni, anawaambia watu ni mumewe." Akalishika bomba tena. "Anasema aliposikia sauti yako alifurahi. Akagonga kwa nguvu zaidi. Akasema moyoni, sasa mwanangu amefika. Halafu akasikia mnacheka."

"Sikujua ni yeye."

"Ulidhani ni nani?"

Swali dogo, la mtu asiyejua hata kupandisha sauti. Kasuku alilitafutia jibu kila mahali. Alidhani ni nani? Alidhani ni yule wa fimbo, au yule wa meno. Alidhani ni mama wa mtu mwingine.

"Nilidhani ni mmoja wao," akasema mwishowe, na alipolisikia neno lake mwenyewe likitoka, aliiweka sahani chini.

"Bomba nililofunga mimi halivuji," Fundi alisema. "Mtaa mzima unajua. Sina gari, sina shamba, nina hilo tu. Na wewe umenichukua mimi, umenitumia kumzibia mama yako mdomo."

"Kengele ililazwa," Kasuku alisema haraka, kama mtu anayetupa kitu alichokishika kikiwa cha moto. "Pacha aliilaza. Niliona mikunjo. Mama angeweza kuita, asingeinuka."

"Na Pacha kasema hivyo kwa Matroni?"

"Hajasema."

"Basi sema wewe."

"Atafukuzwa. Pacha ni kama ndugu yangu."

Fundi alimtazama. "Na yule aliyelala hospitali," akauliza, "ni kama nani wako?"

*

Matroni alikuja hospitali na machungwa matatu kwenye mfuko wa karatasi, na Pacha nyuma yake. Vitanda vya wodi vilibanana, kwa hiyo kikao kilifanyika wima, watu wanne kumzunguka mgonjwa mmoja, huku sista wa hospitali akipita katikati na kitoroli chake cha dawa, akisema "samahani, samahani".

Matroni alizungumza taratibu. Mwenye nyumba amesikitika sana. Atalipa upasuaji wote, kwa ubinadamu. Mama akipona atarudi, atapewa kitanda cha dirishani, ada ileile ya mfanyakazi. Kinachotakiwa ni maneno yawe mamoja tu: kengele ilikuwepo, mkazi hakuivuta, akainuka. Basi. Nani hajui wazee walivyo wabishi?

Fundi alikohoa, akimtazama mkewe.

"Kengele haikuwepo," Kasuku alisema. Sauti yake, ile iliyozoea kuwaongoza wageni, ilitoka nyembamba. "Ilikuwa imelazwa. Matroni unajua. Ilirudishwa baadaye."

Alitegemea Pacha atalia, au atakana, au atainamisha kichwa. Alishajiandaa kumsamehe. Hata maneno ya kumsamehe alikuwa nayo.

"Ni kweli," Pacha alisema. "Niliilaza. Na aliyenifundisha kuilaza ni huyu hapa. Aliniambia, kunja mara mbili, ukikunja mara moja itateleza." Alikuwa akimtazama Matroni, si Kasuku. "Lakini mimi nilikuwa bafuni, maji yanamwagika, sikusikia kitu. Yeye alikuwa mlangoni. Mlangoni kabisa. Alisikia kugonga akawaambia wageni ni mume wake. Yeye mwenyewe alinisimulia kabla sijamwita, tulipokutana mlangoni pa jiko. Alinisimulia kama kichekesho."

Na ilikuwa kweli. Wageni walipokuwa wakiandikishwa ofisini, Kasuku alipita jikoni kunywa maji, akamkuta Pacha amekimbilia taulo safi, akamsimulia. Pacha alicheka. Walicheka wote wawili, mama akiwa sakafuni. Siri zote ambazo Kasuku alimpa Pacha tangu ile asubuhi ya kwanza, Pacha alizitunza vizuri, mpaka siku zilipokuwa na bei.

"Pacha," Kasuku alisema.

"Usiniite hivyo. Ulitaka kunimaliza, mimi nina watoto."

Matroni alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza alionekana mwanamke aliyechoka, hata kola yake ilionekana imechoka. "Niliomba watu wawili zaidi wa wodi," alisema, bila kumlenga yeyote. "Niliomba tangu mwaka jana. Nikaletewa mapazia mapya." Kisha akajikusanya, akarudi kuwa Matroni. "Sasa sikilizeni. Tukienda kwa njia ya kengele, naondoa wote wawili, na upasuaji mtajilipia, na mama hana pa kurudi. Tukienda kwa njia ya pili, hakuna anayeumia zaidi ya aliyekwisha kuumia. Tumuulize mwenyewe." Akainama. "Mama, kengele ilikuwepo?"

Wote wakamtazama mgonjwa. Alikuwa ameyasikiliza yote macho yamefumba, na walidhani dawa zimemchukua. Alifumbua macho. Alimtazama Fundi kwanza, kisha Pacha, aliyekuwa ameanza kulia sasa, na mwisho bintiye. Macho yakabaki pale.

Kasuku alikuwa akimwomba kwa macho. Lakini anamwomba nini, hata yeye hakujua. Aseme kweli, wote waanguke? Aseme uongo, wote wabaki? Mama aliyasoma yale macho kama alivyoyasoma tangu yakiwa ya mtoto anayetaka kitu na kuona haya kukitaja.

"Ilikuwepo," mama alisema. "Nilisahau kuivuta. Uzee."

Fundi aligeuka akatazama ukutani. Matroni alimshukuru Mungu kwa sauti. Na mama akasema tena, kwa adabu sana, "Sista, niinulie mto."

Kasuku aligeuka kumtafuta sista wa hospitali. Sista wa hospitali alisimamisha kitoroli, akamtazama mgonjwa, akafuata macho yake yanapoelekea, na yalikuwa yanaelekea kwa Kasuku.

"Anakuita wewe," alisema.

*

Upasuaji ulilipwa, hilo lisemwe. Mfupa ulishika, lakini mama hakusimama tena. Alirudi kwenye kitanda cha dirishani, na kamba ya kengele ikapachikwa mpya, nene, mapajani mwake kabisa. Fundi alikuja mwenyewe kuikaza, bila kuombwa, na hiyo ndiyo mara pekee aliyofanya kazi ya kweli katika nyumba ile. Hakusalimiana na Matroni. Alimwambia mama mkwe, "Vuta tuone." Mama akavuta. Ikalia. Mama akasema asante mkwe wangu, na tangu hapo hakuivuta tena.

Alipotaka kitu alisubiri. Maji alisubiri, choo alisubiri. Kasuku alipopita alimwita sista, kwa sauti ya chini, kama wakazi wote, na wengine wakasema mama huyu siku hizi amekuwa na nidhamu. Alimwambia sista asante, sista samahani, sista kama una nafasi. Kasuku alichuchumaa akamvalisha soksi. "Mama, Matroni hayupo. Niite tu." Mama alimpapasa kichwa kwa mkono ulio hai. "Utaratibu ni utaratibu, sista," alisema, na alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioua.

Na Pacha? Bado walifanya kazi wodi moja. Walimgeuza mzee pamoja, mmoja kichwani mmoja miguuni, wakihesabu moja, mbili, tatu, na hayo ndiyo maneno waliyobakiwa nayo.

Wale watu wawili walioombwa hawakuja. Wageni walikuja.

Walikuwa familia nzima safari hii, wamevaa kama wanakwenda harusini. Matroni alimpelekea Kasuku sare iliyopigwa pasi. Kasuku aliivaa. Pacha akafunga mlango wa wodi ya chini, akabaki ndani na wazee wote, na Kasuku akawaongoza wageni: jiko hili, bustani ile, chumba cha sala. Mjukuu mkubwa alikuwa akiuliza habari za kengele pale sauti ilipotoka nyuma ya mlango.

Ko, ko, ko. Bati juu ya chuma cha kitanda.

Wageni walisimama. Matroni, nyuma yao, alitabasamu tayari, akingoja. "Mna mafundi leo?" mjukuu aliuliza.

Jibu lilikuwa ulimini, limekaa kama lilivyozoea. Kasuku aliona jinsi litakavyotoka, na jinsi watakavyocheka.

"Hapana," alisema. "Hatuna fundi. Huyo ni mama yangu anagonga. Humo ndani kuna mtu mmoja anayehudumia wodi nzima, kwa sababu mimi niko hapa na nyinyi."

Hakungoja kuona uso wa Matroni. Alifungua mlango, akakimbia kati ya vitanda, viatu vikipiga kelele, na wazee wakageuza vichwa kumwona. Nyuma ya mapazia mapya, kengele kadhaa zilikuwa zimelala kwenye ndoano zake. Bafuni maji yalikuwa yakimwagika, na sauti ya Pacha ikisema, "Simama babu, simama hapohapo."

Mama alikuwa kitandani, salama, amefunikwa mpaka kiunoni. Kamba ya kengele ilikuwa mapajani mwake. Kikombe kilikuwa mkononi.

"Mama, kuna nini? Unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Sasa mbona umegonga?"

"Nilisikia sauti yako mlangoni," mama alisema. "Nikataka kujua leo umewaambia ni nani."

Kasuku alishika ukingo wa kitanda. Pumzi ilikuwa haijarudi. "Nimewaambia ni mama yangu."

Mama alifikiri. Korido ilikuwa imeanza kujaa sauti za watu, na ya Matroni ilikuwa juu yao, inawaomba wageni wapite ofisini kwanza. "Sasa watakufukuza."

"Watanifukuza."

"Siku ile ungesema hivyo," mama alisema, "leo ningekuwa natembea."

Kisha akamnyooshea kikombe. Kasuku alikichukua, akakijaza maji, akakigeuza ili pale palipobonyea pasimguse mdomo, akamnywesha taratibu mpaka chini. Mama alijifuta kwa ncha ya kanga. Mlangoni Matroni alikuwa amekwisha kusimama.

"Asante, sista," mama alisema, akageuza uso dirishani.